Kipimo cha Damu cha Ugonjwa wa Lyme: Jibu Lina Maana Gani?

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo

Ugonjwa wa Lyme huenezwa na kupe mwenye miguu myeusi, ambaye huishi kwenye nyasi ndefu na majani makavu ya msituni. Kupe mchanga ni mdogo karibu kama mbegu ya mchicha, hivyo wengi hawakumbuki kung'atwa. Dawa za antibiotiki huutibu ugonjwa huu, hasa zikianzwa mapema. Ukiachwa, waweza kudhuru viungo, moyo na mishipa ya fahamu.

Kipimo hutafuta nini

Waliotoka Afrika Mashariki na Kongo wamezoea kipimo cha malaria, ambacho hutafuta vimelea vyenyewe ndani ya damu. Kipimo cha Lyme ni cha namna nyingine. Bakteria wa Lyme ni vigumu kuonekana katika damu. Kwa hiyo maabara hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupambana nao. Damu hupimwa kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza isipoonyesha kingamwili, upimaji huishia hapo. Ikizionyesha, au ikiwa haieleweki, damu ile ile hupimwa kwa njia ya pili. Jibu huhesabiwa kuwa chanya pale tu hatua ya pili inapothibitisha ya kwanza.

Jibu hasi la mapema halimalizi shauri

Mwili huhitaji wiki kadhaa kuunda kingamwili za kutosha. Aliyepimwa siku chache baada ya kung'atwa aweza kupata jibu hasi ilhali ni mgonjwa. Dalili zikiendelea, daktari aweza kuagiza kipimo kirudiwe baada ya wiki 2 hadi 3.

Wagonjwa wengi hutokewa na baka ngozini kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa. Baka hilo hupanuka siku hadi siku, na kwa kawaida haliumi. Katika ngozi nyeusi huenda lisionekane jekundu. Laweza kufanana na vilio la damu au doa jeusi zaidi. Mwenye baka la namna hiyo, aliyekuwa mahali penye kupe, hutibiwa bila kungoja kipimo.

Jibu chanya nalo huhitaji maelezo

Tanzania na mashariki ya Kongo kuna homa ya papasi. Bakteria wake ni wa ukoo mmoja na wa Lyme, na kingamwili zake zaweza kukipotosha kipimo. Kaswende pia yaweza kufanya hivyo. Aliyewahi kuugua mojawapo ya maradhi hayo amweleze daktari; hilo si la kuonewa haya, na huepusha matibabu yasiyo ya lazima.

Vilevile, kingamwili hubaki mwilini miezi au hata miaka baada ya mtu kupona. Kwa sababu hiyo, kipimo hiki hakitumiki kuthibitisha uponaji.

La kumweleza daktari

Mahali mtu alipokuwa huongoza namna jibu linavyosomwa. Jimbo la New York, ulipo mji wa Buffalo, limeujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Huko Ohio umekuwa ukiongezeka, na Kentucky bado ni nadra zaidi. Kwa hiyo mgonjwa ataje alikoishi, alikosafiri, siku aliyomwona kupe, na siku dalili zilipoanza. Picha ya baka iliyopigwa kwa simu husaidia.

Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali kuu hupaswa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Mtoto asitwishwe kazi hiyo.

Uso ukipooza upande mmoja, shingo ikikakamaa pamoja na maumivu makali ya kichwa, moyo ukienda bila mpango, au mtu akizimia, apelekwe hospitali mara moja, hata kama jibu la kipimo lilikuwa hasi.