Je, Wajua? Kompyuta Huandika Kilichoiangusha

Je, wajua kwamba kompyuta ya Windows ikianguka na kutoa skrini ya buluu, huandika kwanza habari za kilichoisibu ndipo izime? Zile asilimia zinazopanda polepole chini ya uso wa huzuni, ambazo wengi wetu huzitazama kwa hasira huku kazi ya mtu ikisubiri, ndizo hesabu ya maandishi hayo yanavyohifadhiwa kwenye diski. Zikifika 100 mashine hujiwasha upya, na maandishi hubaki kwenye faili dogo yakingoja msomaji.

Msomaji ndiye hapatikani. Kwa mafundi wetu wengi, kuanzia Darajani hapa Unguja hadi Kariakoo ya ng'ambo, dawa ya kompyuta inayozimazima ni moja tu: kupiga window. Diski inafutwa, Windows inawekwa upya, mwenye mashine analipa na kushukuru. Siku chache baadaye skrini ya buluu imerudi, na safari hii ule ushahidi wa mwanzo haupo tena. Umefutwa pamoja na picha za harusi na hesabu za mwaka. Nalipigania faili hilo dogo kwa sababu nimeona fedha nyingi na kazi nyingi za watu zikipotea kwa kutolisoma.

Ukiingia vichochoro vya nyuma ya bustani ya Forodhani utakuta nyumba za wageni, ofisi za watembeza watalii, maduka ya kutoa kopi na kusafisha picha. Karibu kila mlango una kompyuta inayofanya kazi kutwa, mita chache kutoka baharini, ndani ya kuta za mawe na chokaa zinazotunza unyevu. Chumvi hupanda na upepo, kaskazi na kusi, na hukaa juu ya kila chuma. Sijui mahali pengine ambapo mashine hizi zina sababu nyingi hivi za kuanguka, na kila sababu huacha alama yake.

Kwanza, kwa nini mfumo mzima uanguke? Programu ya kawaida, tuseme ya kuandikia barua, ikikosea, Windows huifunga hiyo peke yake na nyingine zikaendelea. Chini yake kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, na pamoja na kerneli hukaa draiva: programu ndogo zinazoendesha printa, kadi ya picha, Wi-Fi na diski. Hawa wa chini wana ruhusa ya kila kitu. Draiva ikiandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, hakuna wa juu yake wa kuizuia. Kerneli inapogundua kwamba mambo yameharibika kiasi hicho, huamua kusimamisha kila kitu kuliko kuacha data mbovu zifike kwenye diski. Skrini ya buluu, iliyoanza na Windows NT mwaka 1993, ni ulinzi. Katika Windows 11 Microsoft ilianza mwaka 2025 kuigeuza kuwa nyeusi na kuuondoa uso wa huzuni, lakini kazi yake ni ileile.

Wakati huo kerneli haiwezi tena kuamini mfumo wake wa kawaida wa mafaili, kwa kuwa huenda ndio uliovurugika. Kwa hiyo humwaga habari zake kwenye sehemu ya diski iliyokwisha kutengwa tangu mashine ilipowaka, lile faili liitwalo pagefile.sys. Mashine ikiwaka tena, Windows huzichukua habari hizo na kuzitengenezea faili rasmi, ambalo mafundi huliita dampu. Ndiyo maana mtu aliyeifuta pagefile ili kupata nafasi, au ambaye diski yake imejaa pomoni, au ambaye hana subira na kubonyeza kitufe cha kuzimia asilimia zikiwa 20, huambulia patupu.

Dampu ndogo hukaa kwenye folda ya Minidump ndani ya folda ya Windows. Kwa kawaida Windows hutunza hadi 50. Jina lenyewe lina habari: faili linaloanza na 061725 ni la tarehe 17 Juni 2025, kwa mpango wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi. Ndani yake mna namba ya kosa, vigezo vinne vinavyoifafanua, orodha ya draiva zote zilizokuwa zimepakiwa, na mfululizo wa hatua za mwisho ambazo kerneli ilikuwa ikizipitia. Yote hayo kwa ukubwa unaoingia kwenye barua pepe bila tabu.

Kulisoma kwa macho haiwezekani. Ndipo programu za uchunguzi zinapoingia. Baba yao ni WinDbg ya Microsoft, ambayo ukiandika amri ya !analyze -v hukupa ripoti ndefu yenye jina la mtuhumiwa. Kwa asiyetaka kuandika amri kuna BlueScreenView ya Nir Sofer, inayopanga dampu zote kwenye jedwali na kuzipaka rangi draiva zilizotajwa. Kuna pia WhoCrashed ya kampuni ya Resplendence, yenye toleo la bure kwa matumizi ya nyumbani. Hiyo hueleza kwa sentensi kamili kosa ni la aina gani na limeelekea wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuitumia leo hii.

Naomba tuitazame kazi moja kwa karibu. Bi mkubwa mmoja mwenye nyumba ya wageni alileta kompyuta ya mapokezi kwa kijana fundi.

"Mwanangu, hii nimeambiwa nipige window. Nishapiga mara mbili."

"Shikamoo bibi. Tusipige kwanza. Tuangalie imeandika nini."

Jedwali lilifunguka na dampu sita. Ya kwanza ilitaja MEMORY_MANAGEMENT, namba 0x1A. Ya pili PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, namba 0x50. Ya tatu ilikuwa 0x3B, ya nne 0x1A tena. Draiva zilizotajwa nazo zilikuwa tofauti: mara ya picha, mara ya mtandao, mara kerneli yenyewe. Mtu asiyezoea angesema kompyuta hii ina magonjwa sita. Fundi aliona moja. Draiva mbovu hurudia jina lake. Makosa yanapotawanyika hivi, yakimshika huyu leo na yule kesho, mara nyingi kilichoharibika ni kile ambacho wote wanakitumia, yaani kumbukumbu ya mashine, ram.

Aliwasha MemTest86, programu ya kupima ram, kutoka kwenye fleshi, na kabla ya saa moja kupita mistari myekundu ilikuwa imejaa kwenye skrini. Alifungua kasha, akachomoa vipande viwili vya ram. Kwenye meno ya kimoja, yale yanayotakiwa kung'aa kama dhahabu, palikuwa na utando wa kijani uliofifia, kazi ya chumvi na unyevu. Alifuta kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa vya elektroniki, akakirudisha, akapima tena kila kipande peke yake usiku kucha. Kimoja kilipona. Kingine kiliendelea kutoa makosa kikatupwa. Window haikupigwa, na vitabu vya wageni havikuguswa.

Si kila mara majibu huja safi hivyo, na hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wenye uzoefu. Programu ya uchunguzi huonyesha mahali pa kuangukia. Mtu akiteleza kwa ganda la ndizi pale Darajani, huanguka mbele ya duka fulani, lakini mwenye duka siye aliyetupa ganda. Vivyo hivyo ripoti hutaja mara nyingi ntoskrnl.exe, ambayo ndiyo kerneli yenyewe, na mtu akakimbilia kusema Windows ni mbovu. WhoCrashed yenyewe huonya katika hali hiyo kwamba huenda chanzo ni draiva nyingine ambayo haikuweza kutambuliwa. Microsoft ilipokusanya ripoti za kuanguka kwa mashine za enzi za Windows XP iliona kwamba takribani asilimia 70 zilitokana na draiva za makampuni mengine. Kwa hiyo dampu moja ni fununu. Tano zinazosema jambo lilelile ni ushahidi.

Namba nyingine zinafaa kukaa kichwani. 0x124, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, huelekeza kwenye vifaa: prosesa iliyopata moto, feni iliyoziba vumbi, umeme usiotulia wa pawa saplai. 0x7A ni kilio cha diski au waya wake. Ukiiona, hamisha mafaili siku hiyohiyo, matengenezo baadaye. 0xD1 ni draiva, na mara nyingi ya mtandao.

Dunia nzima iliona thamani ya kusoma dampu siku ya Ijumaa tarehe 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho dogo la programu yake ya ulinzi. Programu hiyo hukaa chini kabisa, pamoja na kerneli. Baada ya dakika 78 sasisho liliondolewa, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka, na nyingi zilianguka kila zilipowaka. Ndege zilibaki viwanjani na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Waliofungua dampu walikuta jina lilelile kila mahali: csagent.sys, draiva ya programu hiyo, na kosa 0x50, lilelile lililokuwamo kwenye kompyuta ya bi mkubwa. Baadaye kampuni yenyewe ilieleza chanzo. Maelekezo mapya yalitaka thamani 21, msimbo ulikuwa ukileta 20, na programu ilipoitafuta ya 21 ikasoma nje ya mipaka ya kumbukumbu yake. Dawa ilikuwa kuwasha mashine kwa Safe Mode na kufuta faili moja. Mtu aliyepiga window siku hiyo alifuta kila kitu chake kwa kosa la faili moja la mwingine.

Angalia basi: namba ileile, 0x50, kule sababu ni hesabu ya programu na huku ni kutu ya bahari. Ndiyo maana huwezi kuikariri namba ukaishia hapo. Lazima usome kilichoizunguka.

Sasa niseme la kwetu hasa, la umeme, ambalo vitabu vya ughaibuni hulipitia kwa haraka. Pwani hii ya Forodhani ndiyo iliyokuwa na Beit el Ajaib, jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, la kwanza Unguja kuwa na umeme. Leo umeme wa kisiwa hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Waya wa mwanzo ulianza kazi mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45. Kisiwa kilikaa gizani yapata wiki nne kuanzia Mei 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa bora sana. Hata hivyo umeme bado hukatika, hushuka na kupanda, na wakati mwingine ni uniti tu zimemalizika usiku wa manane.

Kompyuta ya mezani ikikatiwa umeme, kerneli haipati hata nukta ya kuandika. Hakuna buluu, hakuna asilimia, hakuna dampu. Ukifungua WhoCrashed itakujibu kwamba haikuona faili lolote, na hapo wengi husema programu haifai. Kumbe huo ukimya nao ni jibu. Nenda kwenye Event Viewer, fungua kumbukumbu za System, utafute tukio namba 41 lenye chanzo Kernel-Power. Ndani yake kuna mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, kwa kawaida maana yake mfumo haukuanguka wenyewe. Ama umeme ulikatika, ama mtu aliminya kitufe, ama pawa saplai imechoka, ama mashine ilizima kwa joto.

Kutenganisha hayo manne kunataka daftari na kalamu. Andika siku na saa umeme unapokatika ofisini kwako kwa wiki mbili, halafu linganisha na saa za tukio 41. Zikilingana zote, usinunue kompyuta mpya. Nunua UPS nzuri. Ikiwa mashine inazima na taa zinawaka, na jirani yako naye yuko sawa, mtazame pawa saplai na feni. Kumbuka pia kwamba diski inayokatiwa umeme mara kwa mara huanza kuharibika taratibu, hivyo tukio 41 la mwaka jana linaweza kuzaa 0x7A ya mwaka huu.

Kabla hujampa mtu kompyuta yako, fanya mambo machache. Nakili folda ya Minidump kwenye fleshi. Hata isipofunguka Windows, diski ikichomekwa kwenye mashine nyingine kwa kawaida folda hiyo inasomeka. Usitumie programu za kusafishia diski kabla ya kufanya hivyo, maana nyingi hufuta dampu zikizihesabu kuwa taka. Kuna pia dampu kubwa, faili la MEMORY.DMP: hilo usimpe usiyemwamini, kwa kuwa linaweza kuwa na nywila na barua zilizokuwa wazi wakati mashine inaanguka. Na fundi akikwambia dawa ni kupiga window, mwambie kwa heshima akuonyeshe kwanza dampu inasema nini. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.