HERUFI MBILI CHINI YA BIRIKA

Birika la umeme, pasi na jiko la gesi ni vyombo vinavyopatikana siku hizi katika nyumba nyingi za askari na polisi. Vingine hununuliwa madukani, na vingine huletwa na baba au mama arudipo kutoka mafunzoni ng'ambo. Chombo kikigeuzwa, mara nyingi huonekana chini yake herufi mbili: CE. Wengi wakiziona hutulia moyo, wakidhani kwamba afisa wa serikali amekwisha kukipima. Mara nyingi sivyo.

MAANA YA ALAMA

Herufi hizo husomwa kama kifupi cha maneno ya Kifaransa, Conformité Européenne, yaani kulingana na sheria za Ulaya. Mwaka 1985 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana juu ya utaratibu mmoja wa masharti ya usalama wa bidhaa, na mwaka 1993 alama hiyo ikapewa jina iliyo nalo hadi leo. Hutumika katika nchi 30: nchi 27 za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norwe, Iceland na Liechtenstein. Chakula, dawa na vipodozi haviwekewi alama hiyo.

NI NENO LA MTENGENEZAJI

Kwa birika au pasi, mtengenezaji mwenyewe ndiye anayechunguza hatari zake, kuhakikisha limepimwa, kutia sahihi tamko, na kubandika alama. Hati zake hana budi kuzihifadhi kwa miaka 10. Serikali hukagua baadaye sokoni, na bidhaa mbovu huamriwa iondolewe. Kwa vyombo vyenye hatari kubwa zaidi, kama jiko la gesi, mtengenezaji hulazimika kupitia kwa wakaguzi walioidhinishwa. Hapo tarakimu nne za wakaguzi hao huandikwa kando ya alama.

PINI YA TATU

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba plagi na soketi za nyumbani hazimo katika sheria ya Ulaya ya vyombo vya umeme. Plagi za nchi nyingi za bara la Ulaya zina pini mbili za mviringo, na waya wa ardhi huungana ubavuni mwa plagi. Soketi zetu zina matundu matatu bapa. Baadhi ya watu huchomeka kijiti katika tundu la juu ili plagi hiyo iingie kwa nguvu. Birika litachemsha maji, lakini waya wa ardhi haukuungana. Siku umeme utakapovuja kwenye bati lake, atakayelishika ndiye atakayepitiwa na umeme huo.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya kulipa fedha, tazama jina na anwani ya mtengenezaji, na kiasi cha volti. Tafuta pia alama ya shirika la viwango la nchi. Kenya iliunda shirika lake mwaka 1974, Tanzania mwaka 1975, na sheria ya Uganda ilipitishwa mwaka 1983. Alama ya mashirika haya hutolewa na shirika lenyewe baada ya uchunguzi, wala haitokani na neno la mtengenezaji peke yake.

Chombo chenye pini za mviringo kipelekwe kwa fundi wa umeme, akifunge plagi ya pini tatu na kuunga waya wa ardhi. Kijiti kisitumike kamwe, hasa mbele ya watoto, kwani waonavyo ndivyo watendavyo. Tahadhari kabla ya hatari.