Nyumba Inayosafiri Mtoni

Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri na nyumba yao. Motokaa yao ina kitanda, jiko na meza. Wakiona mahali pazuri husimama na kulala hapo. Kisangani motokaa kama hizo ni nadra, lakini nyumba isafiriyo watu wanaijua sana. Yao huelea majini.

Toka Kinshasa mpaka Kisangani, kwa mto Kongo, ni kilomita 1,700 na zaidi. Meli yenye injini husukuma matishari kadhaa yaliyofungwa pamoja. Juu yake abiria hutandika mikeka na kutundika maturubai, kila jamaa mahali pake. Akina mama hupika kwa makaa. Mbuzi na kuku wamefungwa kando. Safari yaweza kuchukua majuma mengi, maana maji yakipungua matishari hukwama mchangani.

Watu wa vijijini huijia meli kwa mitumbwi ili wauze ndizi na samaki wa moshi. Meli haisimami. Mwenye mtumbwi hana budi kushika ukingo wa tishari upesi na kujifunga. Akikosa, mtumbwi hupinduka, na mavuno ya siku nyingi huzama.

Njiani huonekana Mbandaka, karibu na ikweta, kisha Lisala, Bumba na Isangi. Kisangani safari ya meli hukoma, kwa sababu mbele yako maporomoko. Ndiyo maana ilijengwa reli ya kilomita 125 mpaka Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Hapo kwenye maporomoko Wagenia husimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali, na kutundika vikapu virefu vya kunasia samaki.