Kisahani cha chuma kinachozuia treni mbili kugongana

Wenzangu, sisi wa Kasongo na Kabambare tukitaka treni, tunavuka Lualaba mpaka Samba, kwenye reli ya Kindu–Kongolo. Ni njia moja tu. Siku nilisindikiza mifuko ya mupunga pale, nikajiuliza: treni mbili zikikutana je?

Jibu la zamani ni hili: kati ya vituo viwili, mashinisti haingii bila fimbo ao kisahani cha chuma mkononi. Mwaka 1874, kule Thorpe, Uingereza, telegramu ilitumwa kimakosa, treni mbili zikagongana uso kwa uso. Mwaka 1878 Edward Tyer akaleta mashine yake: ukitoa kisahani kimoja, mashine za vituo vyote viwili zinajifunga mpaka kirudi ndani.

Hata ile alama ya mkono wa chuma iko na akili: waya ukikatika, uzito unaurudisha kwenye «simama».

Uingereza ingali inatumia vitu hivi. Si umaskini. Basi siye wa agronomi, tukipeleka mashine ya kukoboa mupunga kijijini, tuulize kwanza: ikiharibika, inasimama yenyewe ao inakata mtu mkono?