Kipete Kilichoonekana Tumboni mwa Injini

Habari tunayowaletea mwezi huu ni ya kitu kidogo mno, kipete cha waya wa chuma kisichozidi upana wa ukucha wa kidole gumba, nacho kilitufadhaisha siku mbili nzima.

Hapa kwetu Ibighi, karibu na mji wa Tukuyu, Mwinjilisti wetu anayo pikipiki ya zamani. Injini yake ni ya namna ile ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 kwa jina la CG125, na tangu hapo viwanda vingi vya China vimeiiga. Kwa hiyo huwafikia wagonjwa na wazee walio mbali, maana nchi yetu ni ya vilima na mvua zake hazina haya. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walivipanda vilima hivi kwa miguu. Sisi wa leo tumezoea magurudumu, tena tumekuwa wavivu kidogo.

Jumamosi moja fundi kijana alikuja kumwaga oili chafu na kutia mpya. Alipofungua kifuniko cha chini, chenye chujio na springi yake, oili ikatoka nyeusi kama masizi, na pamoja nayo kile kipete kikaanguka karaini. Mwinjilisti akakitazama, akasema, "Hiki si kitu, mwanangu. Pikipiki yaenda vizuri, na kesho nina mazishi ng'ambo ya mto." Fundi akajibu kwa adabu, "Samahani, baba. Kabla sijajua kilikotoka, siiwashi."

Yafaa tueleze sababu. Pistoni hushikwa na mkono wake kwa pini ya chuma, nayo pini huzuiliwa isitoke kwa vipete viwili, kimoja kila upande. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 100 katika kila sekunde, na kushuka mara 100. Kipete kimoja kikichomoka, pini husogea kidogo kidogo hata ncha yake ikaanza kukwaruza ukuta wa silinda. Hatimaye injini yaweza kukwama ghafula na gurudumu la nyuma likafungika. Anayeteremka kilima chenye matope wakati huo, haulizwi ameangukaje.

Basi, ama kipete kile kilikuwa kimetoka mahali pake, ama kilikuwa cha tatu, kilichoachwa humo na mtu aliyefungua injini zamani. Kwa kukitazama tu hakuna awezaye kujua.

Hapo ndipo moyo ulipotudunda. Miaka kadha iliyopita sisi wenyewe tulibadili pistoni ya pikipiki ile, usiku, kwa taa ya chemli. Kipete kimoja kiliruka kutoka ncha ya bisibisi. Tulikitafuta majanini tusikione; tukatia kingine, tukafunga, wala hatukumwambia mwenyewe. Desturi njema ni kuziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi kabla ya kugusa vipete. Kitambaa tulikuwa nacho. Tulikuwa tukifutia mikono.

Tungaliweza kunyamaza. Lakini kijana yule alikuwa amekwisha kuanza kutoa spana zake, na Mwinjilisti alikuwa akihesabu gharama kwa vidole. Tukawaambia yote.

Mwinjilisti akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba, ikiwa ndivyo, hakuna haja ya kufungua, maana cha tatu kimejulikana. Fundi akatikisa kichwa. "Maneno ya mzee nayaamini," akasema, "lakini yeye mwenyewe hakukiona kikiingia."

Hatukuwa na la kujibu. Jumapili Mwinjilisti alikwenda mazishini kwa miguu, akarudi usiku amelowa hata mifupa.

Jumatatu silinda ikatolewa, mdomo wa injini umezibwa kwa kitambaa. Vipete vyote viwili vilikuwa mahali pake, na pini haikusogea hata kidogo. Kile cha tatu, fundi alipokifuta vizuri, kilionekana kimebonyea ncha moja, kama kitu kilichowahi kuumwa na meno ya gia. Yamkini miaka yote kilikuwa kimenasa pembeni katika tope la oili.

Fundi akatia vipete vipya, maana vilivyokwisha kutolewa havirudishwi, na gasiketi mpya. Fedha tulilipa sisi. Mwinjilisti amekitundika kipete chetu kwenye msumari mlangoni mwa banda, na kila tupitapo hutuuliza kama tumekuja na kitambaa.