Mara kwa Mara Ni Mara Ngapi?

Rasimu huja kwa barua pepe, kurasa nyingi, na sheria inampa mzazi siku zisizopungua 15 za kuijibu. Ndani yake mtoto ameelezwa kwa sehemu zenye herufi kuanzia A mpaka K. Katika sehemu F, inayotaja msaada atakaopewa darasani, huwa kuna sentensi ya aina hii: "Atapata fursa za kusaidiwa katika lugha mara kwa mara." Inasomeka vizuri. Mzazi aliyechoka kuzungushwa kwa miezi anaweza kushusha pumzi na kujibu kwamba ameridhika. Asijibu hivyo, kwa maana sentensi hiyo haina ndani yake hata dakika moja ambayo mtoto anaweza kuidai.

Hati yenyewe ni Mpango wa Elimu, Afya na Huduma, ambao wazazi Waswahili wa London na Birmingham wameshauzoea kwa jina la EHCP. Ulianza Septemba 2014 kwa Sheria ya Watoto na Familia, na unaweza kumlinda kijana mpaka afike miaka 25. Unahusu England peke yake. Wales na Uskoti zina taratibu zao, na Ireland ya Kaskazini bado inatumia hati ya zamani iliyotangulia EHCP, ile ambayo familia za kale za diaspora huikumbuka kwa jina la stetimenti.

Stetimenti ina historia ya machungu. Mpaka Aprili 1971, sheria ya England iliruhusu baadhi ya watoto kuandikwa kuwa hawafundishiki, wakawekwa mikononi mwa idara za afya, nje kabisa ya shule. Wengine walipelekwa katika shule maalumu za watoto walioitwa "wa chini ya kiwango kielimu". Mwaka huohuo wa 1971 mwalimu kutoka Grenada, Bernard Coard, alitoa kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa Karibi walivyojazwa katika shule hizo isivyo haki. Walipimwa kwa vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza wa tabaka la kati, na Krioli waliyoizungumza nyumbani ikahesabiwa kuwa upungufu wa akili. Basi mzazi Mwafrika akiogopa mwanawe "kuandikwa", hofu yake ina mizizi, na anayemcheka hajui yaliyopita.

Mwaka 1978 kamati ya mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza kwamba yale makundi ya ulemavu yaachwe, na badala yake liulizwe swali moja: mtoto huyu anahitaji nini ili ajifunze? Kamati ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano angehitaji msaada wa aina fulani wakati mmoja au mwingine. Sheria ya Elimu ya 1981 ikazaa stetimenti kwa wale wenye mahitaji makubwa zaidi, ikaanza kutumika 1983. Warnock mwenyewe, mwaka 2005, aliandika kwamba mfumo huo ulikuwa umekwenda mrama. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika: kilichoandikwa katika sehemu ya msaada wa kielimu, halmashauri inalazimika kukitoa.

Sheria hiyo ya 1981 iliweka pia kifungu ambacho kila mzazi Mswahili angepaswa kukijua, nacho kimebaki katika sheria ya 2014. Mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya darasani, au hata namna ya lugha hiyo, ni tofauti na ya nyumbani kwao. Ni kinga nzuri. Kwa bahati mbaya huweza kugeuzwa ukuta: mama anaeleza wasiwasi wake, anaambiwa asubiri, mtoto bado anajifunza Kiingereza. Anasubiri mwaka. Anasubiri wa pili.

Njia ya kuuvuka ukuta huo iko nyumbani. Wataalamu wa tiba ya usemi hufuata kanuni inayoeleweka: tatizo la kweli la lugha hujitokeza katika lugha zote za mtoto, si katika ile mpya tu. Tumchukue mtoto wa mfano, miaka sita, anayeongea na bibi yake wa Tanga kwa simu ya video. Bibi anamuuliza, "Umekula nini?" Mtoto anajibu, "Umekula nini?" Bibi anarudia polepole, naye anarudia polepole vilevile, sauti ya bibi tupu. Ile "u" haigeuki kuwa "ni". Jibu la "nimekula wali" haliji. Mwalimu hawezi kuliona hilo, na mtaalamu anayempima mtoto kwa Kiingereza peke yake hatalisikia. Mzazi ndiye shahidi. Na aliandike jinsi lilivyo, pamoja na tarehe na maneno yenyewe, alipeleke kwa mtaalamu wa usemi na mwanasaikolojia wa elimu ili liingie katika ripoti zao, kwa sababu rasimu hutungwa kutokana na ripoti hizo. Aombe na mkalimani wakati wa kupima. Sehemu A, ya maoni ya mtoto na wazazi, ibebe sauti yake mwenyewe.

Kisha ndiyo kazi ya kalamu. Sehemu B inataja mahitaji, sehemu F inataja msaada, na mahakama za Uingereza zimewahi kuzifananisha na ugonjwa uliotambuliwa na dawa iliyoandikwa. Hakuna daktari anayeandika "dawa, inapobidi". Kila hitaji la B litafutiwe mwenzake katika F. Lililokosa mwenzake limesahauliwa, na lidaiwe. Halafu maneno yapimwe. "Fursa" ni neno tupu. "Hadi saa 10 za msaada" linatimia hata kwa saa moja. Badala yake iandikwe, kwa mfano, kwamba mtaalamu wa tiba ya usemi atakaa na mtoto peke yake dakika 45 kila wiki ya muhula, na kwamba mwalimu msaidizi aliyefundishwa na mtaalamu huyo atarudia mazoezi dakika 20 kila siku. Nani, na nani, mara ngapi, kwa muda gani.

Tiba hiyo ya usemi ichungwe sana isije ikatupwa katika sehemu G, ya afya, ambako mzazi hawezi kuidai kwa halmashauri. Mwaka 1989, katika kesi iliyohusu Lancashire, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba tiba ya usemi inaweza kuwa elimu, na sheria ya sasa inasema wazi kuwa huduma ya afya inayomfunza mtoto ihesabiwe msaada wa kielimu. Mahali pake ni F.

Sehemu I, ya jina la shule, huachwa wazi katika rasimu kwa matakwa ya sheria. Mzazi ndiye anayetaja shule anayoitaka katika jibu lake, na anaweza pia kuomba kikao na halmashauri kabla siku 15 hazijaisha. Kila halmashauri ina huduma ya ushauri wa bure kwa wazazi, SENDIASS.

Mpango wa mwisho unatakiwa utoke ndani ya wiki 20 tangu ombi la kupimwa mtoto lilipopokelewa. Ukitoka na yaleyale maneno matupu, mzazi anaweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa, ambalo halitozi ada, na hutoa mkalimani kwa anayemuomba. Muda wa kukata rufaa ni miezi miwili, au mwezi mmoja baada ya cheti cha usuluhishi, kile anachopewa mzazi baada ya kuwasiliana na mshauri wa usuluhishi, ikiwa huo utaishia mbele zaidi, na miezi hiyo miwili huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua ya uamuzi, hata kama barua ilikaa wiki nzima bila kufunguliwa.