Mwaka huu hatukwenda baharini

Shoga zangu wa ofisini walicheka mpaka machozi. "Yaani miaka saba ya ndoa, halafu anakupeleka Same? Mpare amekubania hela ya bahari huyo!" Nikacheka nao, maana si unajua tena utani wa Wapare na pesa zao. Lakini tusidanganyane wapenzi wasomaji, moyoni nilikuwa nimenuna.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwangu mapumziko bila bahari hayajakamilika. Fungate letu tulilifanya Ushongo, kusini mwa Pangani, na kila mwaka ikifika tarehe yetu tumekuwa tukirudi hukohuko. Unavuka mto kwa pantoni, unafuata barabara ya vumbi katikati ya minazi, halafu unatokea kwenye ufukwe mrefu usio na kelele za mtu. Pweza wa nazi, madafu, upepo. Siku tatu tunarudi Dar tumewiva na jua, tunaweka picha, watu wanatupongeza.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya tarehe, mume wangu akazima televisheni na kusema, "Mke wangu, safari hii naomba twende kwetu. Siyo nyumbani. Milimani tu, mimi na wewe."

Nilikaa kimya. Upare nilikuwa sijakanyaga kwa miaka mitatu, na sababu tulikuwa tunaijua wote wawili ingawa hakuna aliyewahi kuitaja.

Nianzie hapo. Katika mwaka wa tatu wa ndoa yetu mimba yangu iliharibika. Mwaka wa nne ikaharibika nyingine. Krismasi iliyofuata tulikwenda kwao, na mbele ya mawifi na majirani mama mkwe akanitazama, akasema, "Kazi haziishi, mwanangu, lakini umri unaisha." Nilitabasamu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Tangu hapo kila Desemba nilikuwa na udhuru. Mara toleo la mwisho wa mwaka, mara homa, mara semina. Yeye alikwenda peke yake, akarudi na gunia la maharage na salamu ambazo sikuziuliza.

Njia ya Same

Tuliondoka Dar saa kumi na moja alfajiri na kigari chetu. Baada ya Mombo milima ya Usambara ilianza kubaki nyuma, tukapita Mkomazi, Hedaru, Makanya. Mkono wa kulia milima ya Upare imesimama kama ukuta, mkono wa kushoto ni tambarare kavu mpaka macho yanachoka. Mwenzangu akanyoosha kidole upande wa tambarare.

"Kule ndiko unakopita mto Pangani. Maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanateremka kando ya milima yetu mpaka baharini. Miaka yote umekuwa ukinipeleka mwisho wa mto wa kwetu."

Nikacheka, kidogo. Ndiyo kicheko cha kwanza cha safari ile.

Mji wa Same wenyewe, kiukweli, haukushawishi mara moja. Ni joto, vumbi na mabasi ya Moshi na Arusha. Watu wengi wanaoupita wanajua kituo cha mafuta tu. Lakini ukiacha lami na kuanza kupanda kuelekea Mbaga, kila kona inakubadilishia hali ya hewa. Kwanza miiba, kisha migomba, kisha ukungu na harufu ya udongo uliolowa. Huko juu ndiko linakotoka tangawizi lile unalonunua sokoni. Kwa chini, upande wa mashariki, inaonekana Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya.

Tulifikia nyumba ya wageni ndogo, vyumba vya kawaida, blanketi mbili, maji ya moto ya ndoo. Mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.

Jioni ya kwanza niligundua jambo ambalo sikulipenda. Ushongo kuna mawimbi. Mkikaa kimya kwenye mchanga, bahari inaongea kwa niaba yenu, na mnaamini mmestarehe pamoja. Mbaga hakuna wa kukusaidia. Tulikaa barazani, giza likashuka, nyota zikajaa, na mimi na mwanaume niliyeishi naye miaka saba hatukuwa na la kusema zaidi ya "baridi eeh" na "ndiyo, baridi." Hebu jiulize wewe unayesoma: lini mara ya mwisho mlikaa saa moja bila simu, bila televisheni na bila mtu wa tatu?

Jabali la Malameni

Kesho yake tulichukua kijana wa kutuongoza. Alituonyesha ndiva, mabwawa madogo ya asili ya Wapare: maji ya mlimani hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, na anayeiba zamu ya mwenzake ana kesi. (Mume wangu, kwa fahari: "Mpare anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku." Haya baba.) Alituonyesha pia njia ya kwenda msitu wa hifadhi wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462, ambako kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni asiyepatikana popote duniani isipokuwa Upare Kusini.

Halafu akatupeleka Malameni.

Ni jabali tu, ukilitazama. Lakini yule kijana alishusha sauti. Akasimulia kwamba zamani mtoto aliyehesabiwa kuwa na mkosi, kwa mfano kigego, yule anayetangulia kuota meno ya juu, aliletwa pale na hakurudi. Desturi hiyo, alisema, ilikoma katika miaka ya 1930.

Nikauliza, "Na mama zao?"

Akafikiri. "Mama alirudi nyumbani. Hakuruhusiwa kulia."

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa kila mama. Ninachojua ni kwamba magoti yaliniisha nguvu nikakaa chini. Nilikuwa nimepoteza watoto wawili, na kesho yake kila mara nilikwenda kazini, nikahariri kurasa za mapenzi, nikajibu barua za wasomaji. Hakuna aliyenikataza kulia. Nilijikataza mwenyewe, na nilidhani mume wangu ndivyo anavyotaka.

Kijana wa watu, mwenye akili kuliko umri wake, alijisogeza mbali akaanza kuchonga kijiti. Mume wangu akakaa kando yangu.

"Kuna kitu sikukuambia," akasema. "Mama hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba zilitoka. Nilimwambia tumeamua kusubiri. Kwamba ni mpango wetu, kwa sababu ya kazi."

Wasomaji, nilihisi damu inapanda kichwani. Kumbe lile neno la Krismasi, "kazi haziishi," halikuwa dongo la kumsimanga mwanamke asiyezaa! Mama wa watu aliambiwa nimechagua ofisi badala ya mjukuu. Miaka mitatu nimemchukia mtu kwa jambo asilolijua, naye ameniona mimi kama mwanamke wa mjini nisiyejali.

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Nilitaka kukukinga. Ukitangaza jambo kama lile kijijini, kila mtu ana dawa yake, kila mtu ana mganga wake. Halafu ukaacha kuja, nikaona aibu kurudi nyuma." Akanyamaza. "Na mimi nilikuwa sijui nilie wapi. Nyumbani ungeniona. Kwa mama ningeulizwa. Nilikuwa nalia kwenye gari, pale nje ya ofisi."

Niligombana naye. Msidhani niliyeyuka. Nilimwambia kwamba uongo wake ulinifanya mimi kuwa mtu mbaya katika ukoo mzima, na kwamba kunikinga bila kuniuliza ni kuniacha peke yangu. Naye akaniambia kwamba kila alipotaka kulizungumza nilikuwa nafungua laptopu. Yote mawili ni kweli. Tulibishana, tukalia, tukabishana tena mpaka jua likaanza kushuka.

Niseme jambo moja kwa wanaohitaji kulisikia. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, takriban 10 hadi 20 huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza, na mara nyingi chanzo ni hitilafu katika kijusi chenyewe tangu kinapoanza kuumbika. Si kwa sababu mama alifanya kazi, au alikasirika, au alipanda daladala. Daktari aliniambia hivyo mara mbili. Sikumwamini mpaka niliposikia mume wangu akilisema.

Simu ya saa tatu usiku

Mpango wetu wa siri uliishi siku moja na nusu. Saa tatu usiku mtandao ukarudi na simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia uko Mbaga."

Kumbe binamu alituona stendi Same, akaweka kwenye kundi la familia la WhatsApp, na ndugu wa mpaka Mwanza walikuwa wanajadili kwa nini tumelala gesti ilhali kwetu kuna vitanda. Kwa mila zetu, mnajua wenyewe, hilo ni kosa linaloweza kuitiwa kikao. Mume wangu akanitazama. Safari hii aliniuliza.

Nikasema, "Mwambie tunakuja kesho. Na utamwambia wewe, mbele yangu."

Kesho yake saa sita mchana tulikuwa jikoni kwa mama, makande yanatokota kwenye moto wa kuni, mahindi na maharage yaliyopikwa tangu alfajiri. Nilimwamkia. Aliitikia kwa upole lakini kwa mbali, kama mtu anayempokea mgeni wa serikali. Mume wangu akakaa kwenye kigoda cha chini, akamweleza yote. Hakuzunguka. Mimba mbili, miaka gani, hospitali, uongo wake.

Mama alikoroga makande muda mrefu. Halafu akaweka mwiko chini, akanigeukia.

"Mwanangu, miaka mitatu nimepiga magoti namwomba Mungu awabadilishe mawazo. Kumbe nilitakiwa kuomba awafariji."

Akaja akanishika mikono, yake ina majivu, yangu ina rangi ya kucha. Hakuniuliza kuhusu dawa. Hakutaja mganga. Alimgeukia mwanawe na kumwambia maneno ya Kipare ambayo sikuyaelewa, ila niliona mtu mzima wa miaka 38 akiinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja mtungi.

Tulikula. Makande yale, na maziwa mgando, nayaota mpaka leo.

Sasa je?

Sijashika mimba, kwa hiyo msinitumie pongezi. Hatujawa wapenzi wa kwenye sinema pia; wiki iliyopita tumenuniana kwa ajili ya bili ya umeme. Kilichobadilika ni kwamba wale watoto wawili sasa wanatajwa nyumbani kwetu. Na Desemba hii sina semina.

Sisemi bahari ni mbaya. Mwenye Ushongo ni mimi! Ninachosema ni kwamba kwa miaka kadhaa tulikuwa tunasherehekea ndoa yetu kwa kuikimbia. Tulichagua mahali pazuri pa kupumzika na kila kitu, pamoja na mazungumzo. Kama mnapanga safari ya kumbukumbu ya ndoa, ulizaneni kwanza: je, tunakwenda kupumzika pamoja, au tunakwenda kupumzika tusiongee?

Nimeshamwambia mume wangu mwakani zamu yangu, tunarudi Pangani. Amekubali. Halafu akauliza bei.

Mkitaka kwenda

Usafiri: Mabasi ya Dar kwenda Moshi na Arusha hupita Same. Lala Same au fika mapema, maana magari ya kupanda Mbaga ni machache na jioni hupati. Kwa gari binafsi hesabu kama saa mbili za kupanda, na gari liwe limeinuka.

Msimu: Epukeni masika, Machi hadi Mei, barabara huteleza. Juni hadi Agosti kuna baridi kali usiku, bebeni masweta.

Msituni: Chome ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Pateni kibali na mwongozaji kabla ya kupanda Shengena.

Mkomazi: Lango la Zange lipo jirani na mji wa Same. Nendeni alfajiri, kukiwa na anga safi mtauona Kilimanjaro.

Na la mwisho: Kama mmoja wenu ana ndugu huko, piga simu kabla. Kundi la familia litajua tu.